Gari Lililokimbia Bila Pistoni

Mwaka 1967 uliingia Kolwezi, mji wetu wa migodi wa Katanga, Kongo, na mwajiri mpya. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906 ili kuchimba shaba yetu, ilipoteza migodi yake, na mahali pake serikali ya Mobutu ikaweka Gécomin, ambayo miaka michache baadaye ikaitwa Gécamines. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, Indianapolis nchini Marekani, gari jekundu lisilo na pistoni hata moja liliongoza mashindano makubwa ya nchi ile kwa mizunguko 171 kati ya 200, kisha likaishiwa nguvu mwisho ukiwa unaonekana. Hakuna gazeti lililoweka habari hizi mbili ukurasa mmoja, wala halikuwa na sababu. Mimi naziweka pamoja kwa ajili ya metali. Gari lile lilikuwa na turbini, na turbini ya moto ni kazi ya mikono ambayo isingefika mbali bila kobalti, na kobalti katika miaka ile ilikuwa na kwao. Hatuna hapa uwanja wa mbio wa duaradufu. Udongo tunao.

Nianze na kazi yenyewe, maana sifa bila maelezo ni porojo. Injini tunayoifahamu, ile ya Land Cruiser au ya Fuso, ni ya kwenda na kusita. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena; vali zinafunguka na kufungwa; moto unawaka na kuzimika mara elfu kadhaa kwa dakika. Kila kusita kunakula nguvu na kila kugeuka ni pigo kwa chuma. Turbini haisiti. Hewa inaingia, inakandamizwa na kompresa, inafika kwenye chemba ya moto na kunyunyiziwa mafuta ya taa, na moto ule ukishawashwa hauzimiki mpaka kazi iishe. Gesi iliyofura inatafuta pa kutokea, na njia pekee iliyoachiwa inapita katikati ya mapanga madogo yaliyopangwa kuzunguka gurudumu. Gurudumu linazunguka. Basi.

Kuieleza ni rahisi hivyo. Kuitengeneza ndiko kulikowatoa watu jasho. Mapanga yale hukaa ndani ya gesi yenye joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, na gurudumu lake, katika injini ndogo nitakayoieleza, hufika mizunguko zaidi ya 37,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo panga la gramu chache huvutwa kwenda nje kwa nguvu ya mamia ya kilo. Chuma cha kawaida kikiwekwa pale hakiyeyuki mara moja. Hufanya jambo la hila zaidi: kinarefuka taratibu, unywele kwa unywele, hadi ncha ya panga iguse ukuta wa nje. Na ukuta hauko mbali. Fundi huacha nafasi ndogo mno kati ya ncha na ukuta, kwa sababu gesi inayopenya hapo bila kusukuma panga ni mafuta yaliyomwagwa bure. Nafasi ikizidi, injini inakula mafuta. Ikipungua, injini inajila yenyewe. Kazi yote ya fundi wa turbini imo kati ya hayo mawili.

Injini iliyowekwa katika gari la 1967 iliitwa ST6. Ilitoka Longueuil, Quebec, kwa Pratt & Whitney ya Kanada, na ilikuwa ndugu wa PT6 ya ndege, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Uzuri wake unaonekana kwa jaribio ambalo mtoto yeyote anaweza kulifanya. Weka pangaboi mbili mezani zitazamane. Moja ichomeke kwenye umeme, nyingine iache. Ya kwanza ikianza kupuliza, ya pili itazunguka ingawa hakuna fimbo wala mkanda unaoziunganisha. Na ukiizuia ya pili kwa mkono, ya kwanza itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndani ya PT6 mna magurudumu mawili ya namna hiyo. La kwanza linaendesha kompresa. La pili, lililo mbele yake bila kufungwa nalo, ndilo linalotoa nguvu nje. Kwa rubani maana yake ni kwamba propela inaweza kwenda kwa mwendo wake. Kwa mtu wa gari maana yake ni kubwa zaidi: gari linaweza kusimama kabisa huku injini ikivuma, na hakuna haja ya klachi.

Halafu hewa yake inakwenda kinyume na tunavyotarajia. Inaingia nyuma, inaelekea mbele, inageuzwa ndani ya chemba ya moto, na moshi unatokea karibu na mbele. Kwa kujikunja hivyo injini ikawa fupi na nyepesi, chini ya kilo 130, ikatoa nguvu za farasi 550. Farasi 550 katika kitu ambacho wanaume wawili wenye misuli wanaweza kukiinua!

Sasa metali. Elwood Haynes alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kutengeneza gari la petroli. Alilijaribu hadharani mjini Kokomo, jimbo la Indiana, tarehe 4 Julai 1894. Mtu huyohuyo alikuwa mwanametali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alichanganya kobalti na kromi, akapata aloi aliyoiita Stellite, inayobaki ngumu hata ikiwekwa motoni mpaka iwe nyekundu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, aloi za ukoo huo zilitumika kutengeneza mapanga ya turbo za ndege za kivita. Na Kokomo iko kama kilomita 80 tu kaskazini ya Indianapolis. Ningekuwa na uwezo wa kupanga historia kwa mapenzi yangu, nisingepanga vizuri zaidi.

Kobalti ya kazi hizo ilibidi itoke mahali, na kuanzia miaka ya 1920 mahali penyewe pakazidi kuwa hapa. Kufikia miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ilitoka Katanga. Sisemi kwamba panga fulani la gari fulani lilitoka kwenye shimo la Kolwezi. Kobalti haipigwi muhuri wa kijiji, na zipo aloi nzuri za turbini zinazotegemea nikeli bila kobalti. Nasema kwamba taaluma hii, katika miaka yake ya kukua, ililishwa kwa sehemu kubwa na udongo huu. Masalio yake yapo Kingamyambo, kwenye bwawa ambako konsantreta ya Kolwezi ilimwaga matope yake kwa miaka mingi. Mitambo ya wakati ule ilichukua ilichoweza na kuacha kilichobaki. Matope ya Kingamyambo na ya mto Musonoi yalipopimwa yalizidi tani milioni 100, na kobalti iliyoachwa ndani yake inatosha kuwalipa watu kuyachimba mara ya pili. Tangu 2018 kampuni ya Metalkol inayabomoa kwa maji ya nguvu na kuyapeleka kiwandani, safari hii soko likiwa la betri za magari ya umeme. Kila zama na gari lake, na gari la zama za turbini lilikuwa na hadithi ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Uwanja wa Indianapolis ulifunguliwa 1909, na mashindano yake ya maili 500 yakaanza 1911. Mzunguko mmoja ni maili 2.5, kama kilomita 4, wenye kona nne, na zote nne ni za kushoto. Dereva wa pale hakati kulia ila akiwa matatani. Kumbuka hilo la kushoto, maana ndilo lililoamua umbo la gari la 1967.

Wa kwanza kupeleka turbini pale kwa nia ya kweli alikuwa John Zink wa Oklahoma. Mwaka 1962 alileta gari lenye turbini ya Boeing na kumpa Dan Gurney, kijana aliyekuwa anakuja juu. Gurney alilizungusha, akaona nguvu haitoshi, akalishukia na kutafuta gari lingine. Ulaya nako, Rover na BRM walipeleka gari la turbini Le Mans mwaka 1963, na tena 1965, likamaliza saa 24 mara zote mbili. Kwa hiyo watu walikwisha kujua kwamba turbini inadumu. Kilichokuwa hakijulikani ni kama inaweza kushinda.

Aliyeamua kujua alikuwa Andy Granatelli, mkuu wa STP, kampuni ya dawa ya kuongeza kwenye oili ya injini. Huyu alikuwa mtu wa makelele kwa kila maana. Kwa miaka alikuwa akileta Indianapolis magari ya Novi, V8 zenye supachaja zilizojulikana uwanja mzima kwa mlio wao mkali, na hazikumpa ushindi hata mara moja. Mhandisi Ken Wallis alipomletea wazo la turbini, Granatelli akaligharamia, na kazi ikaanza Santa Monica, California, Januari 1966.

Hapa ndipo napenda kukaa. Wallis na wenzake hawakuchukua gari la kawaida na kutoa injini ili waingize nyingine. Walianza na swali: gari linalokata kushoto tu, lenye injini nyembamba na nyepesi, lingekaaje? Wakajenga uti wa mgongo wa alumini, sanduku moja refu katikati. Kulia kwa uti huo wakaweka kiti cha dereva. Kushoto, sambamba naye, wakaweka injini. Uzito ukalalia upande wa ndani wa kona, palepale unapotakiwa gari linapokata kushoto kwa kasi. Nimeona picha zake mara nyingi, na kwa macho ya mtu aliyezoea magari ya mbio linaonekana kama kosa: pana, limevimba upande mmoja, dereva amekaa pembeni. Ukijua sababu, uso wake unabadilika. Hakuna kilichowekwa kwa mazoea.

Fremu ya kwanza iliingizwa kwenye tanuri ili alumini yake ikomae, ikatoka imepinda. Kila fundi aliyewahi kuchomelea alumini anaijua ghadhabu ya namna hiyo: moto uleule unaoipa nguvu ndio unaoinyonga. Mashindano ya 1966 yakawapita. Wakarudi kazini.

Nguvu ilipitishwa kwenye magurudumu yote manne kwa mfumo wa Ferguson wa Uingereza. Ndiyo, Ferguson yuleyule wa matrekta, ambaye kampuni yake ya utafiti ilikuwa pia imetengeneza mfumo kwa ajili ya Novi moja ya Granatelli. Hapakuwa na klachi wala gia za kubadilisha. Dereva alikuwa na pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Injini ikiwa imetulia ilikuwa bado inakwenda kwa asilimia 54 ya mwendo wake wa juu, hata ukiachia breki gari linaondoka lenyewe. Na kwa kuwa turbini haimshiki dereva anapoondoa mguu, kama zinavyofanya pistoni, breki zilibeba mzigo wote. Wakamwongezea bamba nyuma yake linaloinuka na kuikinga hewa. Gari zima lilikuwa na uzito wa kama kilo 800. Watu hudhani turbini ilishinda kwa wepesi; kumbe gari lile lilikuwa zito kuliko wapinzani wake wengi, kwa sababu ya mashine ya kuendesha magurudumu manne.

Dereva alikuwa Parnelli Jones, mshindi wa 1963. Inajulikana kwamba alilipwa dola 100,000 na kuahidiwa nusu ya zawadi. Alistahili, maana ilimbidi ajifunze upya. Ukikanyaga mafuta kwenye turbini, nguvu inachelewa. Gurudumu lile zito kiasi lazima lipate mwendo kwanza. Ukiachia, nayo inachelewa kuondoka, kama sekunde tatu hivi. Kwa gari linalopita mita 70 na zaidi kwa sekunde, sekunde tatu ni mita 200 na ushei. Jones alipaswa kuamua juu ya kona kabla hajaifikia, kushika breki huku nguvu ikiwa bado inasukuma, na kuita nguvu mpya angali katikati ya kona ili imkute akitoka. Huo ni udereva wa kusoma mbele, na watazamaji wengi hawakuuona, kwa sababu ukifanywa vizuri gari linaonekana kama linaenda lenyewe.

Alifuzu wa sita kwa wastani wa maili 166.075 kwa saa, kama kilomita 267. Wapinzani walinong'ona kwamba Granatelli anaficha nguvu. Tarehe 30 Mei bendera iliposhushwa, Jones alizunguka nje ya waliomtangulia na kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha alikuwa mbele. Mvua ikanyesha baada ya mizunguko 18, mashindano yakaahirishwa hadi kesho yake. Tarehe 31 akaendelea pale alipoachia. Aliwahi kuzunguka kama pia baada ya kusongwa na gari lingine, akanyoosha usukani, akarudi mbele. Waliokuwa nyuma yake walilalamikia hewa ya moto iliyotoka kwenye ekzosi, iliyofanya njia mbele yao icheze machoni. Masikioni hawakuwa na cha kulalamikia. Gari lilipita kwa mvumo mwepesi, katikati ya pistoni zilizokuwa zinapasua anga.

Alipokuwa amemaliza mizunguko 196, beringi moja ndani ya giaboksi ikavunjika. Husimuliwa kwamba bei yake ilikuwa dola 6. A. J. Foyt akapita, akakwepa ajali iliyotokea kwenye mstari wa mwisho, akashinda. Jones aliandikwa wa sita.

Bei ile ya dola 6 imesimuliwa mno, na wasimulizi hucheka kana kwamba funzo ni ubahili. Mimi nasikia kitu kingine. Turbini ilikuwa nzima. Ule moto wa nyuzi 1,000, mapanga yanayovutwa kwa mamia ya kilo, nafasi ndogo mno kati ya ncha na ukuta, vyote vilikuwa salama baada ya karibu maili 500. Kilichoshindwa ni sehemu ya kale kabisa, vigololi ndani ya pete, kitu kilichokuwepo kwenye baiskeli za babu zetu. Turbini hutoa nguvu laini, isiyo na mapigo. Lakini hutoa pia msukumo mkubwa kutoka mwendo mdogo, na msukumo huo ulipelekwa kwenye meno na beringi ambazo hazikuwa na miaka ya majaribio kama iliyokuwa nayo injini. Pratt & Whitney walikuwa wameitesa injini yao kwa maelfu ya saa kwa ajili ya ndege. Giaboksi ilikuwa ya jana.

Wenye mashindano hawakungoja gari lirudi. Shirika la USAC lilikuwa linapima turbini kwa ukubwa wa mdomo wa kuvutia hewa, kwa sababu turbini haina silinda za kupimwa. Mdomo ulioruhusiwa ulikuwa inchi za mraba 23.999. Wiki chache baada ya mashindano wakaupunguza hadi 15.999. Granatelli akaenda mahakamani, akashindwa. Nimejaribu kuwaelewa USAC. Timu zote zilikuwa na mali katika pistoni, na kama turbini ingeshinda, karakana nzima za injini za Offenhauser zingegeuka vyuma chakavu mwaka ule. Kuona hofu hiyo si kosa. Kukata theluthi nzima ya pumzi ya mashine kwa mkato mmoja, hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi.

Jibu la mwaka 1968 lilitoka Uingereza. Colin Chapman wa Lotus, akiwa na mchoraji wake Maurice Philippe, alitengeneza Lotus 56: gari lenye umbo la kabari, pua chini na mgongo juu, ili hewa ilikandamize kwenye lami. Pumzi ilikuwa imepungua, lakini umbo lilirudisha kilichopotea. Halafu misiba ikaandamana. Jim Clark, aliyetarajiwa kuliendesha, alikufa Hockenheim tarehe 7 Aprili kwenye mashindano mengine. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 7 Mei, Mike Spence aligonga ukuta wa Indianapolis akiwa ndani ya Lotus 56, gurudumu likampiga kichwani, akafa jioni ileile. Waliobaki waliendelea. Joe Leonard alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa maili 171.559 kwa saa, kama kilomita 276, rekodi mpya. Graham Hill akawa wa pili. Art Pollard akaanzia nyuma zaidi.

Hill aligonga ukuta baada ya nusu ya safari. Leonard alikuwa mbele mizunguko tisa tu ikiwa imebaki. Magari yalikuwa yamepunguza mwendo kwa bendera ya njano, na mbio ziliporuhusiwa tena, Leonard alikanyaga mafuta na moto ukazimika. Shafti ndogo ya pampu ya mafuta ilikuwa imekatika. Ya Pollard ilikuwa imekatika muda uleule. Mara ya pili mfululizo turbini yenyewe haikuwa na hatia, ilinyimwa chakula.

USAC wakaupunguza mdomo wa hewa mara nyingine, hadi inchi 11.999, na baadaye wakapiga marufuku gari la kusukuma kwa magurudumu manne. Turbini ikaondoka Indianapolis. Chapman aliijaribu kwenye Formula 1 mwaka 1971, na Emerson Fittipaldi akamaliza wa nane Monza, matokeo bora ambayo Lotus ile iliyapata katika ubingwa wa Formula 1. Haikuwa na la kuongeza.

Mshindi wa 1968 alikuwa Bobby Unser, akiendesha injini ya Offenhauser yenye turbo. Turbo ni nini kama si turbini ndogo iliyofungwa kwenye ekzosi, inayotumia moshi kuzungusha kompresa? Ilikuwa mara ya kwanza kwa turbo kushinda pale, na tangu siku ile hadi 1996 hakuna gari lisilo na turbo lililoshinda maili 500 za Indianapolis. Turbini iliyofukuzwa mlango wa mbele ilikuwa tayari imeingia kwa nyuma, ikiwa mtumishi wa pistoni.

Na mtumishi huyo tunaye hapa kila saa. Lori la mgodi linapopanda kutoka kwenye shimo la KOV likiwa na mzigo, mluzi unaousikia juu ya ngurumo ya dizeli ni turbo zake. Mafundi wa Manika na wa Dilala, hapa mjini, huzifungua mezani, na anayezijua utamtambua kwa anachofanya kwanza: hafungui chochote. Anashika ncha ya shafti kwa vidole viwili na kuitikisa, juu na chini, kisha mbele na nyuma. Vidole vinamwambia kama beringi imekwisha. Kisha anachungulia mapanga kwa tochi, anatafuta ncha iliyong'aa, dalili kwamba imegusa ukuta. Ni ukaguzi uleule wa Longueuil, kwa vifaa vichache. Vumbi letu jekundu ndilo adui wake mkubwa; kichujio kikipasuka, vumbi linasaga mapanga ya kompresa na kuyafanya butu. Fundi mzuri atakuuliza juu ya kichujio kabla hajataja bei.

PT6 nayo haikukaa kuomboleza. Cessna Caravan zinazoruka kati ya Zanzibar na Pemba, zinazotua kwenye viwanja vya majani vya Serengeti, zinazobeba dawa na wamisionari ndani ya Kongo ambako barabara imekufa, zinavutwa na injini ya ukoo ule uliomfikisha Parnelli Jones mizunguko minne tu kabla ya ushindi. Kila moja ina injini moja tu, na abiria hupita juu ya msitu wakiwa wamesinzia. Usingizi huo wameununua mafundi. Wanaosha kompresa kwa maji safi ili kuondoa chumvi na vumbi. Wanaingiza kamera nyembamba kuangalia mapanga bila kufungua injini. Kila baada ya saa zilizopangwa wanaifungua sehemu ya moto na kutafuta ufa, panga lililorefuka, rangi iliyobadilika. Wakati wa kuwasha, rubani haondoi macho kwenye geji ya joto, kwa kuwa sekunde chache za joto lililozidi zinaweza kumaliza mapanga yenye thamani kuliko nyumba nyingi za Kolwezi.

Mji huu uliwahi kuwakumbusha watengenezaji wa turbini kwamba upo. Mei 1978 waasi wa FNLC waliuteka, askari wa Ufaransa wakarushwa kwa miavuli tarehe 19, na waliokufa, Wakongo na wageni, walikuwa mamia. Bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa. Miaka ya mwanzo ya 1980 NASA na viwanda vya injini za ndege Marekani walikuwa wanatafiti aloi zenye kobalti kidogo zaidi, na walifanikiwa kwa kiasi. Hivyo vita vya mji wetu vimo ndani ya fomula za metali ambazo wengi wa wanaozitumia hawajui Kolwezi iko wapi.

Ukiniuliza ni lipi kati ya magari yale lilikuwa kazi bora, wengi watakujibu Lotus, kwa kuwa ni zuri na kabari yake iliigwa na magari ya mbio yaliyofuata. Mimi nasema la 1967. Lotus ilikuwa gari bora lililopewa turbini. Lile la Wallis na Granatelli lilikuwa wazo moja lililofuatwa mpaka mwisho wake, kuanzia kona ya kushoto hadi kiti cha dereva, na waliolijenga walirudi kwenye tanuri baada ya fremu kupinda, wakangoja mwaka mzima. Gari hilo ni mali ya makumbusho ya Smithsonian, Washington. Pratt & Whitney ya Kanada wamekwisha kutengeneza PT6 zaidi ya 50,000, na bado wanatengeneza.